Kiswahili ndicho kilichonifungulia Kiswidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu ambaye wiki mbili zilizopita aliwashauri vijana wanaopata nafasi za masomo na kazi Sweden. Aliwaambia waiweke kando sarufi ya Kiswahili, wakazanie Kiingereza, kwa sababu Kiingereza na Kiswidi ni ndugu na Kiswahili hakina udugu na lugha hizo. Udugu huo upo, sibishi, na maneno mengi yanafanana. Ila mimi ushauri huo niliufuata, na katika jambo moja ulinipoteza kwa miezi saba. Jambo lenyewe ni kauli ya kutendwa.

Nimezaliwa Muheza, Tanga. Tangu 2008 naishi Hallunda, kusini mwa Stockholm, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Kiswidi nilianza kukisoma SFI, masomo ya bure ambayo kila manispaa huwapa wahamiaji. Mwenzangu Msomali alikuwa na kamusi ya Lexin kwa lugha yake. Mimi nilishika ya Kiingereza, na kitabu changu cha sarufi kilikuwa na maelezo ya Kiingereza.

Kiingereza hutengeneza kauli ya kutendwa kwa maneno mawili au matatu: linatangulia neno la "kuwa", kisha kitenzi kilichobadilishwa. Nami kila nilipotaka kusema mlango unafungwa nilisema "dörren är stängd", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Mwalimu ananiangalia, anaugeukia mlango, anaona uko wazi. Nilichokuwa nikisema ni kwamba mlango umefungwa, umekwisha fungwa, uko katika hali hiyo. Hicho kitendo chenyewe cha kufungwa sikuwa na namna ya kukisema, wakati kila siku nilikuwa nakisikia kwenye treni ya chini ya ardhi: "Se upp för dörrarna, dörrarna stängs." Jihadharini na milango, milango inafungwa.

Stängs. Hiyo s ya mwisho ndiyo yote. Siku moja jioni, treni iko kituo cha Fittja, nimechoka na kazi, tangazo likapita nami nikasikia kichwani "ina-fung-wa". Nikakumbuka darasa la sita, tumesimama mbele ya ubao tukiimba kwa pamoja: tenda, tendea, tendwa, tendewa, tendana, tendeka, tendesha. Ile s ni wa yetu! Imekaa mkiani kama wa inavyokaa mkiani, na neno linabaki moja.

Tazama. Öppna ni kufungua. "Dörren öppnas", mlango unafunguliwa. "Dörren öppnades", ulifunguliwa. "Dörren har öppnats", umefunguliwa. Wakati unabadilika, s haihami. Kwetu pia ni hivyo, tofauti ni kwamba sisi wakati tunauweka kichwani mwa kitenzi, una-, uli-, ume-, na wao wanauweka katikati, kabla ya s. Mtoto wa shule ya msingi Muheza anaweza kufundishwa hilo kwa dakika kumi, mradi aambiwe kwa Kiswahili.

Kanuni ni nyepesi. Kitenzi cha wakati uliopo huishia kwa r: öppnar, stänger, skriver. Unaondoa r, au er, unatia s: öppnas, stängs, skrivs. Shina likiwa lenyewe lina s mwishoni, kama läser, soma, unaiacha ile e ili ulimi upate pa kukanyaga: läses. Nasi hatusemi "kununuwa" tukimaanisha kitu kimepata mnunuzi, tunatia li katikati: kununuliwa. Kila lugha hujitafutia upenyo. Zamani Waswidi waliiacha ile e kwenye vitenzi vingi zaidi, na hata leo unaikuta katika matangazo madogo: "säljes", inauzwa; "köpes", inanunuliwa, yaani mtu anatafuta kununua; "uthyres", inapangishwa. Mara ya kwanza kuliona neno "säljes" kwenye karatasi iliyobandikwa dukani nilikumbuka kuta za Dar es Salaam zilizoandikwa kwa rangi NYUMBA HII HAIUZWI. Neno moja, limebeba kila kitu, wala muuzaji hatajwi.

Zipo njia nyingine mbili, nazo mtu asizipuuze. Moja ni ya bli, neno ambalo wenyewe walilichukua kwa wafanyabiashara wa Kijerumani wa enzi za kati, kama sisi tulivyochukua kwa Waarabu. "Han blev biten av en hund", aliumwa na mbwa. Hiyo hupendwa zaidi jambo likimpata mtu, tena kwa mara moja. S inapendwa kwenye kanuni, mazoea na maagizo, na hasa baada ya maneno kama ska, la wakati ujao, na kan, weza: "bilen ska repareras", gari litatengenezwa. Nyingine ni ya är, ile iliyonikwamisha, nayo ni ya hali. Mswahili anaijua hali hiyo: kuna umefungwa na kuna unafungwa, hakuna anayezichanganya.

Ukitumia bli au är, kitenzi lazima kikubaliane na jina. "Bilen blev målad", gari lilipakwa rangi. "Huset blev målat", nyumba ilipakwa. "Husen blev målade", nyumba zilipakwa. Wenzangu darasani waliotoka kwenye Kiingereza walilalamika sana hapa, kwa kuwa Kiingereza hakina kitu kama hicho. Mimi nilishangaa wanalia nini. Sisi tuna ngeli kibao na hatujafa. Wao wana mbili, en na ett, na wingi wake. Kitabu kiliandikwa, vitabu viliandikwa, barua ziliandikwa: mtu aliyekulia humo ataogopaje d na t?

Sasa nije kwenye lililonigusa zaidi. Mwaka 2011 niliibiwa simu kituoni. Kesho yake nikataka kuwaeleza wenzangu kazini. Nikasema "jag blev stulen". Mwenzangu mmoja, mama wa makamo, akanishika mkono kwa upole akasema: wewe hukuibwa, upo hapa, simu ndiyo "blev stulen", wewe "blev bestulen". Nilikaa nikaandika maneno hayo mawili kwenye daftari. Stulen na bestulen. Kuibwa na kuibiwa! Simu iliibwa, mimi niliibiwa. Kile kipande be- mbele ya kitenzi kinafanya kazi ambayo kwetu inafanywa na i katikati, ya kumleta mtu aliyepatwa na jambo akae mbele. Kutendwa na kutendewa, vile vile kama tulivyoimba. Hakuna kitabu changu cha Kiingereza kilichonionyesha hilo, na sidhani kingeweza, maana aliyekiandika hakuwa na kutendewa kichwani.

Wao lakini kutendewa wanako kwa vitenzi vichache tu, sisi tunako kwa karibu vyote. Kiswidi hakina "nilipikiwa". Utasema chakula kilipikwa kwa ajili yangu, au nilikaribishwa chakula. Hakina "nilinyeshewa", husema wamelowa. Na hakina "nimefiwa". Mwaka 2016 mama yangu alifariki Muheza, na habari ilinifikia nikiwa zamu ya asubuhi. Nilimwambia msimamizi "min mamma har gått bort", mama yangu ameondoka. Ni lugha ya heshima na alinielewa, akasema "jag beklagar sorgen", maneno yao ya kumpa pole mfiwa, akaniruhusu niende nyumbani. Lakini katika sentensi ile mimi simo. Yumo mama peke yake, ameondoka. Kwa Kiswahili ningesema nimefiwa na mama, na jambo lingekuwa limenishukia mimi. Siku nzima nilitafuta s ya kufa na sikuipata, kwa sababu kufa kwao hakutendwi na mtu wala hakumtendi mtu. Baadaye nilimweleza yule mama wa bestulen maana ya kufiwa. Alinyamaza kidogo, akaniomba nilitamke tena polepole, akaliandika.

Kuna na la ndoa. Darasani mwalimu aliuliza kila mtu kama ana mume au mke. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa, nami nilitaka kusema niliolewa 2004. Nikatafuta kauli ya kutendwa, nikapata kwenye kamusi bortgift, nikasema kwa kujiamini: "Jag blev bortgift 2004." Darasa likawa kimya. Baada ya kipindi mwalimu akaniita pembeni, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko salama nyumbani na kama kuna mtu ningependa kuzungumza naye. Nilikuwa nimesema kwamba niliozwa, kwamba watu walinitoa bila hiari yangu. Huku jambo hilo linachukuliwa kwa uzito mkubwa, na tangu Julai 2014 kumlazimisha mtu kuingia kwenye ndoa ni kosa la jinai lenye jina lake kwenye sheria. Kumbe wao mwanamume na mwanamke wote wanasema "gifta sig", yaani kujioza, kila mtu kwa hiari yake. Namshukuru yule mwalimu hadi leo kwa kuniuliza. Na nimeifikiria sana ile wa ya kuolewa tangu siku hiyo, lakini hiyo ni barua nyingine.

Nisiwadanganye vijana kwamba kila s ni wa. Asili yake ni neno sik la lugha ya kale ya kaskazini, lenye maana ya nafsi yenyewe, kama ji- yetu, likafupishwa likagandamana na kitenzi. Kwa hiyo s imebeba mizigo zaidi ya mmoja. Jirani yangu wa kwanza kila tukiachana mlangoni alisema "vi ses". Nilipokwisha jifunza s nikatafsiri: tunaonwa. Na nani? Nikaingiwa na hofu kidogo. Kumbe ni tutaonana. "Vi hörs" ni tutasikilizana, kwenye simu. Kramas ni kukumbatiana. Hiyo ni kutendana, imo kwenye wimbo ule ule. Halafu "det finns", neno utakalolisikia mara mia kwa siku, maana yake kuna, kipo. Limetoka kwenye finna, pata au kuta. Kwa hiyo finns ni kupatikana: sukari inapatikana, sukari ipo. Muuza duka wa Muheza na muuza duka wa Hallunda wamefika pahala pamoja kwa njia moja.

Vipo pia vitenzi vyenye s ambavyo havina mtendaji mwingine wala mtendwa: hoppas, tumaini, minns, kumbuka, andas, vuta pumzi. Hivi unavimeza kama vilivyo. Nasi tunavyo. Mtu akisema anaumwa, hakuna anayeuliza anaumwa na nini chenye meno. Wa ipo lakini kutendwa kumekwisha potea, imebaki maradhi. Na mtego mmoja wa hatari: "hunden bits". Ukikimbilia wa utadhani mbwa anaumwa, ukamsogelea kwa huruma. Maana yake mbwa huyu anauma, ni mbwa mkali.

Kazini kwetu kabati la dawa limejaa s. "Förvaras i kylskåp." "Förvaras utom syn- och räckhåll för barn." "Skakas före användning." Dawa za kwetu Tanzania huamuru: weka mbali na watoto, tikisa kabla ya kutumia. Hizi hazimwamuru mtu, zinasema tu kwamba dawa huhifadhiwa kwenye friji, huwekwa watoto wasipoona wala kufikia, hutikiswa. Wiki za mwanzo nilizisoma kama maelezo, kana kwamba mtu mwingine amekwisha fanya. Mwuguzi akanionya kwa ukali kuhusu chupa niliyoiacha mezani, na alikuwa na haki. Kwenye maagizo kama hayo, s ikianza sentensi bila jina mbele yake, ni amri, na anayeamriwa ni wewe uliyeishika chupa.

Jambo hilo hilo lilinigharimu kwenye barua ya ofisi moja ya umma. Niliomba haki fulani kwa ajili ya binti yangu, wakajibu kwamba "ansökan avslås", ombi linakataliwa, na chini yake "beslutet kan överklagas", uamuzi unaweza kukatiwa rufaa. Muda wa rufaa kwa kawaida ni wiki tatu tangu mtu apate uamuzi. Mimi nilielewa s zote mbili, nikazitafsiri sawasawa, nikaiweka barua kwenye droo. Unaweza kukatiwa rufaa: nikadhani ipo idara inayokata. Zilipobaki siku nne rafiki yangu aliisoma, akaniuliza mbona sijaandika. Nani aandike? Wewe! Tulikesha tukiandika. Tangu 2009 Sweden ina sheria ya lugha inayotaka lugha ya ofisi za umma iwe "vårdad, enkel och begriplig", yaani iliyotunzwa, nyepesi na yenye kueleweka, na washauri wa lugha serikalini wanazihimiza ofisi ziseme "sisi tumeamua" na "wewe unaweza kukata rufaa". Barua ile haikuwa imefika huko. Nawaambia vijana: ukiona s kwenye barua ya ofisi, usiishie kutafsiri. Uliza lile swali la mwalimu wetu wa darasa la sita: na nani? Kwa Kiswidi jibu huja na av, kama na yetu, na av isipokuwepo huenda anayetakiwa kutenda ni wewe.

Kauli hii ina heshima yake pia, nisije nikaonekana naisema vibaya. Nilimhudumia bibi mmoja wa miaka 91 aliyekuwa mtumishi wa ndani ujanani mwake. Zamani Waswidi hawakuitana "du", wewe, ovyo ovyo. Walitajana kwa vyeo, na usipokijua cheo cha mtu ulikwepa kwa kauli ya kutendwa. Yule bibi, hata mikono ikimtetemeka, akinimiminia kahawa aliuliza: "Önskas mer kaffe?" Kahawa zaidi inatakiwa? Hakusema nani anaitaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi nzima ilihamia kwenye du. Mkuu wa idara ya afya, Bror Rexed, alijulikana kwa kuwatangazia wafanyakazi wake 1967 kwamba wote wataitana hivyo. Bibi alihama na nchi yake, aliniita du bila shida, lakini kahawa ilibaki na s. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo nilimwelewa vizuri kuliko vijana wenzangu wa pale waliozaliwa Stockholm.

Na tarehe 7 Oktoba 2021 tulikuwa chumba cha mapumziko, televisheni imewashwa, Akademia ya Sweden inatangaza kwamba Nobelpriset i litteratur, Tuzo ya Nobel ya Fasihi, "tilldelas" Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Tilldelas. Ametunukiwa. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria, nilisimama na kikombe mkononi kabla wenzangu hawajajua ninafurahia nini.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa walimu wa Kiswahili wanaosoma gazeti hili, ni dogo. Nchi hizi mbili zinajuana zamani. Shule ya Kibaha ilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki miaka ya 1960, na vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza 1975, vilichukua mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden. Kijana anayekuja huku leo astahili kupewa kijitabu cha kurasa thelathini, kinachoanzia kwenye tenda, tendwa, tendewa, tendana, kikamwonyesha moja kwa moja s inakaa wapi, bli inaingia lini, na kuibiwa kwao kunaitwaje. Asipitishwe kwanza kwenye nyumba ya jirani.

Daftari langu lina vitenzi mia mbili na kumi, kila kimoja kwa Kiswidi na mnyambuliko wake wa Kiswahili pembeni. Mwalimu yeyote anayelitaka alete ombi kwenye ofisi yako, nami nitalipiga picha kurasa zote niwatumie.

Mzaliwa wa Muheza,
Hallunda, Stockholm